Panya wa Chumba Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini, kilichonishtua ni ukimya. Kwetu kijijini nilizoea panya wa ghalani, wanaokwaruza na kugombana. Katika kituo kile cha utafiti nje kidogo ya mji wa Shinyanga, panya weupe walijaa kwenye vizimba kutoka sakafuni hadi darini, na husikii kitu. Wanakutazama tu.

Mkuu wa Maabara, daktari wa mifugo asiyejua kuharakisha maneno, alinieleza kazi. "Tunapima mofini, dawa ya maumivu makali. Kwa nini dume na jike hawapati nafuu sawa? Na wakizeeka inakuwaje? Utakuwa macho yangu, Mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ingawa wakati ule nilikuwa binti tu.

Tulitumia sahani ya moto, yaani bamba la chuma lililopashwa kiasi. Panya akilamba mguu wa nyuma, tunamtoa papo hapo. Asipolamba, tunamtoa muda ukifika, asiungue. Madume vijana waliodungwa mofini walisimama pale kama wako juu ya saruji. Majike, kwa dozi ileile, walilamba mapema, hasa siku zao za kuhitaji dume. Waliotolewa ovari, wakakosa homoni ya kike, dawa iliwashika vizuri zaidi. Dume aliyehasiwa akiwa kichanga alikua akaipokea dawa kama jike. Waliotuchanganya ni wazee: dume mkongwe naye alianza kulamba mapema, ile tofauti kati yake na jike ikapungua.

Tukaongeza dozi kwa majike wazee. Mmoja alisimama kwenye sahani bila kutikisika, macho wazi.

"Imemshika," alisema Mkuu. "Mtoe."

Nilipomnyanyua alikuwa amekakamaa kama ukuni, lakini moyo wake ulikimbia ndani ya kiganja changu.

"Mkuu, huyu hajatulia," nilisema. "Hebu mshike."

Alimshika. Akahesabu mapigo, akayaandika daftarini.

Baadaye aliagiza kifaa. Panya, alinieleza, hulia pia kwa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa binadamu; kifaa hicho kinaishusha mpaka tuisikie. Tulikiwasha asubuhi, jua limejaa madirishani, jike mkongwe mwingine akiwa kwenye sahani.

Chumba kizima kilikuwa kinalia.

Ilikuwa miluzi mirefu, mmoja ukikatika mwingine unapokea, kutoka vizimba vya mwisho kule ukutani hadi pale mbele yetu, alipokuwa amesimama yule jike kama kinyago. Nywele zilinisimama. Miaka yote tulikuwa tunakunywa chai mlangoni pale, tunacheka.

"Ni huyu pia?" niliuliza huku nikimtoa.

"Ni huyu pia. Dawa imeugandisha mwili. Maumivu yako palepale."

Tangu siku hiyo kuganda hatukukuita nafuu tena, na dozi zile kubwa Mkuu alizipiga marufuku.

Nilihamishiwa Geita. Mkuu alistaafu, akajenga Kalangalala, palepale Geita, kisha saratani ikamwingia mifupani. Nilipokwenda kumjulia hali, mkewe, Mama Kabula, alinipokea kwa uso mkunjufu.

"Afadhali umekuja leo. Tangu waongeze mofini ametulia, hasumbui kabisa."

Nilimkuta amelala chali, mikono imekakamaa, macho yako darini. Utulivu ule niliujua.

Nikaweka kidole kiganjani mwake. "Shikamoo, Mkuu. Kama inauma, nibane."

Muda ulipita hakuna kitu. Kisha akanibana, akazidi kunibana mpaka pete yangu ikazama nyamani.

"Yesu wangu," alisema Mama Kabula, akashika mdomo.

Tulimwita daktari wake. Naye aliinama, akamwuliza hivyohivyo, akabadilisha dawa. Siku zilizobaki Mkuu alizitumia kuongea na wajukuu.

Sasa nimestaafu, niko Nkome, na magoti yamekwisha. Mofini sijawahi kuhitaji, lakini mwili wa jike mkongwe niliokuwa nikiupima sasa ndio ninaotembea nao, na nausikiliza kwa hofu kidogo. Juzi pale zahanati muuguzi kijana aliniuliza, "Bibi, inauma sana?"

Nikamjibu kama nilivyolelewa. "Kidogo tu, mwanangu."

Akaweka kalamu chini, akanitazama. "Bibi, nakuuliza tena."

Nikalia kwa sauti, mpaka watu wote kwenye foleni wakageuka.