Chemchemi ya Mahameni

Jana jirani alifikicha majani ya mpapai kusugulia sufuria, na harufu yake ikanirudisha kwa bibi yangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa chenye kisima kimoja. Vita vilipoanza, sabuni iliadimika, na balozi wa nyumba kumi akatangaza kwamba maji ya kisima ni ya kunywa na kupikia tu. Kurudi mahameni, kwenye makazi tuliyoyaacha, nako kulikatazwa. Bibi akanishika mkono, tukaenda huko huko, kwenye chemchemi yake nyuma ya migomba.

Mgambo akatukuta.

“Shikamoo, bibi. Huku ni marufuku.”

“Marahaba, mwanangu. Nimehama nyumba, sikuuhama mwili wangu. Leo naoga.”

“Nitakupeleka kwa balozi.”

“Nipeleke.” Akaanza kufungua kitenge. “Ila utanipeleka hivi nitakavyokuwa.”

Kijana aligeuka haraka akaondoka, asitazame nyuma.

Kwa kukosa sabuni, bibi alinisugua kwa majani ya mpapai mpaka ngozi ikaniwasha, na maji ya baridi yakanikata pumzi.

Kesho yake tulipita mbele ya nyumba ya balozi, mchana kweupe. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni.

“Tunakwenda kuoga, balozi,” bibi alipaza sauti. “Karibu!”

Balozi akavuta kiti chake ndani, nasi tukapita.