Mafuta Kwenye Shingo ya Chupa

Kifurushi kilifika Jumamosi asubuhi, Mama akiwa bado na sare ya kazi. Anahudumia wazee majumbani mwao hapa Lewisham, London, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alikikata kwa kisu cha nyanya, akatoa magazeti ya Kitaliano yaliyokunjwakunjwa, kisha chupa moja ya kijani iliyofungwa mdomo kwa kitambaa na uzi. Harufu ilitufikia kabla hajaifungua. Siki.

Kulikuwa na barua fupi. Bibi wa Italia amefariki, mwanawe aliandika, nyumba imeuzwa, na chupa hii Bibi alitaka ije kwetu. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja.

“Wamenitumia aibu yangu kwa posta,” alisema, akaisukuma chupa chini ya sinki, nyuma ya sabuni.

Mimi nikavaa viatu nikatoka. Nilizunguka sokoni, nikapita vibanda vya ndizi na bamia bila kununua kitu, nikafika stesheni, nikarudi, nikaenda tena. Ndivyo nilivyo, kukaa siwezi. Nafanya usafi hospitalini, na wenzangu hunitania kwamba hata chai nainywa nikitembea. Lakini siku hiyo nilijua ninachokikimbia. Ngoja nikusimulie wewe kwanza, maana kukusimulia wewe ni rahisi kuliko kumwambia Mama.

Kabla ya London tuliishi Italia, katika mji wa mawe uliokaa juu ya kilima kama kofia. Mama ni mtu wa Iringa. Kupika na Kitaliano alijifunza kule kule, jikoni kwa masista Waitaliano, na masista ndio waliomtafutia kazi ya kumtunza mjane mmoja mzee. Nilikuwa na miaka sita. Siku ya kwanza Mama alinisukuma mgongoni akasema, “Mwamkie, huyo ni Bibi yako.” Nikasema shikamoo. Yule mzee akataka kujua maana yake, akaelezwa, akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kila asubuhi aliingoja shikamoo yangu kama alivyoingoja kahawa.

Magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma, hakuweza tena kushuka ngazi za mji. Akawa ananituma mimi, na mji ule niliujua kwa tumbo kabla ya kuujua kwa majina. Kwenye lango la chini kulikuwa na tanuri la mkate. Mkate wenyewe hauna chumvi. Mara ya kwanza niliutema, Bibi akasema, “Chumvi iko kwenye nyama, ya nini mara mbili?” Karibu na kanisa alikaa muuza nyama, akikata paja la nguruwe lililokaushwa vipande vyembamba mpaka mwanga unapita. Uwanjani mama mmoja aliuza jibini la kondoo lililofungwa kwa majani ya mti. Mvua za vuli zikianza, nje ya ukuta walisaga zeituni, na mafuta mapya yalikuwa ya kijani, yanakwaruza koo. Watu walionja, wakakohoa, wakafurahi.

Nilikuwa na haya, sisemi. Mwoka mikate aliniona tu mlangoni, akapaza sauti: “Bubu wangu amefika! Nusu, wa jana, wa supu?” Nikaitikia kwa kichwa. Alijua.

Chini ya nyumba ya Bibi kulikuwa na stoo iliyochimbwa ndani ya mwamba, baridi kiangazi chote. Huko zilikaa chupa za divai, matumbo yao yamevikwa nyasi. Marehemu mume wa Bibi aliitengeneza kwa mikono yake, mavuno yake ya mwisho. Kila mwaka, siku ya kuchoma kokwa za kahawia za mwituni wanazokula kama korosho, ilifunguliwa chupa moja, mwanawe akapanda kutoka jijini kuinywa pamoja naye. Mama alikuwa anashangaa. Kwao Iringa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, wa kesho ni wa kumwaga. “Na hawa wanaficha kinywaji miaka!” alisema.

Chupa zile hazikuwa na kizibo. Shingoni, juu ya divai, yalielea mafuta ya zeituni, unene wa kidole, kuzuia hewa. Ndiyo desturi yao. Kila mtu pale aliijua, kwa hiyo hakuna aliyenieleza.

Nilipokuwa na miaka nane Bibi alianguka, akalazwa hospitali ya bondeni. Mama alishinda naye huko, mimi nikashinda kwa jirani aliyefuga kuku. Nilitaka kumfanyia Bibi jambo la kumfurahisha siku atakayorudi. Nikachukua ufunguo aliouacha Mama jikoni, nikaenda kusafisha stoo. Nilifagia. Nikaondoa utando wa buibui. Halafu nikaona zile chupa, kumi na moja zilizobaki, zimeingia mafuta.

Iringa, nyumbani kwa bibi mzaa mama, mtungi wa maji ukionekana na mafuta juu, kuna mtu amechota kwa kikombe kichafu. Nikachukua pamba. Chupa moja baada ya nyingine, nikayanyonya mafuta yote kwa uangalifu, tone hata moja nisimwage. Nilijivuna sana. Sikumwambia mtu, maana ilikuwa zawadi.

Bibi alirudi anatembea kwa fimbo. Siku ya kokwa ikafika, moshi umejaa jikoni, mwanawe akaleta chupa, akamimina, akaonja, akatema. Akaleta ya pili. Siki. Akashuka na tochi akakaa huko muda mrefu. Alipopanda alimtazama Mama.

“Mafuta yako wapi, signora? Ufunguo ulikuwa nao wewe.”

Uso wa Mama uligeuka rangi ya majivu. Bibi akiwa hospitalini alikuwa amemwomba aangalie mafuta ya zile chupa, ayaongeze yakipungua. Kwa mbio za kupanda na kushuka, alisahau. Akaamini yamekauka. “Ni mimi,” alisema. “Nisamehe, Bibi, nilisahau.”

Mimi nilikuwa nimeshika kokwa ya moto, inaniunguza, siiachii. Bibi hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, muda mrefu. Kisha akavuta bakuli la majani mabichi, akayamiminia ile siki.

“Basi,” alisema, “mwaka huu tutakula saladi.”

Hakuna aliyetufukuza. Lakini Mama hakuweza tena kushuka stoo wala kumtazama yule mwana usoni. Shule zilipofungwa tukaja London kwa mama mdogo. Mwoka mikate alinipa mkate mzima, wa siku hiyo, na sikumwambia hata asante.

Sasa unajua. Nilirudi nyumbani kutoka stesheni nikamkuta Mama anakata vitunguu vya kachumbari. Nilisimama mlangoni, koti sijavua, nikasema yote kwa pumzi moja: ufunguo, pamba, chupa kumi na moja.

Kisu kikasimama.

“Ulikuwa na miaka mingapi?”

“Nane.”

“We mtoto!” Aliweka kisu chini. “Miaka yote hii nakwenda nyumba za watu naogopa kugusa hata chupa ya dawa! Vidonge navihesabu mara tatu! Na wewe umenyamaza tu?”

“Samahani, Mama.”

Machozi yalikuwa yanamtoka, akayapangusa kwa kiwiko. “Vitunguu,” alisema. Baadaye kidogo: “Leta hiyo siki.”

Aliimimina juu ya nyanya. Tukala tumesimama. Ilikuwa kali, na nyuma ya ukali kulikuwa na kitu kama harufu ya stoo ile, mwamba na nyasi.

“Ningesema siku ile, tungebaki?” nilimuuliza.

Alinisogezea bakuli. “Kula,” alisema.

Nyumba ina wenyewe wengine sasa. Tanuri la lango la chini lilifungwa, barua ilisema hivyo pia. Hakuna tena anayeingoja shikamoo yangu, na yule bubu aliyejulikana bila kusema alibaki kule mlangoni.

Nilichukua kizibo kuifunga chupa. Mama akanishika mkono.

“Divai ndiyo inaogopa hewa,” alisema. “Siki iache ipumue.” Akarudisha kitambaa cha Bibi mdomoni, akakifunga kwa uzi ule ule, akaiweka dirishani. Mimi nikavua koti, nikavuta kiti.