Nilimfungia Mwalimu madirisha ya luva pale Mtoni, akaishia mahabusu kwa sababu yangu

Wakuu, salaam kwenu wote.

Juzi kuna kijana humu aliuliza mafundi wa kubadilisha madirisha wanachaji kiasi gani. Ana nyumba Goba, anataka kutoa ya zamani aweke ya aluminiamu. Wengi mmemjibu vizuri: bei kwa dirisha, usafiri, nani abebe hasara kioo kikipasuka njiani. Nikaanza kumjibu palepale, nikaona maneno yananizidi. Ndiyo nimefungua uzi wangu.

Haya yalinitokea mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mtu wa hovyo.

Kwanza mnijue. Kwetu ni Newala. Shule niliiacha darasa la tano, si kwamba nilikuwa mjinga, miguu ndiyo ilikuwa haitulii. Nimekata mkonge Morogoro, nimebeba magunia Kurasini, nimepika kwenye kambi ya wajenga barabara. Sikaagi mahali.

Ila nikiona kitu kinafunguka na kujifunga, lazima nijue kinafanyaje. Kuna siku nilisimama nje ya benki moja mjini karibu saa nzima naangalia dirisha la luva, mpaka askari akaniuliza kama nina akaunti humo.

Luva, kwa nyie vijana, ni vile vipande vya kioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Unavuta mkono mmoja, vyote vinalala au vinasimama.

Sasa tuingie kwenye ishu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafanya kazi na Fundi Chilumba, seremala, mtu wa kwetu kusini. Yeye mbao, mie vyuma na vioo. Nyakati hizo kila kitu kilikuwa foleni. Sabuni foleni, unga foleni. Kioo ndiyo usiseme. Ulikuwa unaandika barua kuomba kibali, halafu unakwenda duka la serikali kuambiwa vinakuja.

Mwalimu Eliakimu alikuwa ameambiwa vinakuja kwa miaka miwili.

Alikuwa Mpare, mwalimu wa shule ya msingi, ana nyumba ya vyumba vitatu pale Mtoni. Madirisha yake yalikuwa ya mbao za mninga, mazito, yanafunga vizuri kuliko mlango. Shida ni moja. Ukiyafungua unapata mwanga pamoja na mvua, mbu na vumbi la barabara. Ukiyafunga, kiza.

Na macho ya Mwalimu yalikuwa yanakwenda. Alikuwa anasahihisha madaftari ameyaleta mpaka puani. Alituambia wazi kwamba mkaguzi akigundua, atastaafishwa kabla ya wakati, na watoto wake bado wanasoma. Alichokuwa anatafuta ni mwanga wa kumvusha miaka minne iliyobaki. Hiyo tu.

Nakumbuka walivyopatana na Chilumba.

"Chilumba, vioo ambavyo serikali haina wewe unavitoa wapi?"

"Mwalimu, mtu mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani."

"Mimi nauliza. Na risiti?"

"Risiti itafuata."

"Inafuata kwa miguu?"

Chilumba alicheka. Mwalimu naye akacheka, na hapo ndipo alipopotea. Akimaliza kucheka na wewe, Chilumba keshakupata.

Vioo vilitoka kwa mtu mmoja wa Kurasini. Nilivisukuma mwenyewe kwenye mkokoteni, juu nimefunika makuti. Sikuuliza vilifikaje kwake. Mie ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Malipo yalikuwa baiskeli ya Mwalimu, pesa kidogo, na yale madirisha yake ya mninga. Wiki ileile Chilumba akayapasua akatengeneza vitanda akauza. Hilo la mbao liwekeni akilini.

Tulifunga siku mbili. Madirisha manne. Dirisha la mwisho lilipokaa sawa, nikamwambia Mwalimu avute mkono mwenyewe. Akavuta. Vioo vikasimama, mwanga ukaingia mpaka kwenye kona zote.

Mkewe, Mama Neema, akaangalia sakafu yake, akasema, "Kumbe miaka yote nimekuwa nikijisifu ni msafi."

Jirani mmoja akapita akasema nyumba ya Mwalimu imevaa miwani. Mwalimu mwenyewe alisimama katikati ya sebule, akafungua daftari la mwanafunzi bila kuliinua, akasoma, "Tatu kwa kumi. Hata huyu leo naona vizuri alivyokosa."

Wakuu, nimefanya kazi nyingi za mikono. Ile ndiyo siku niliyojiona mtu.

Haikupita muda, msako wa walanguzi ukaanza. Waliokuwepo wanakumbuka. Ukiwa na bidhaa, uwe na risiti. Watu walikuwa wanamwaga sukari chooni, wanafukia vitambaa, redio zinatupwa mtoni. Si walanguzi tu. Hata mtu aliyenunua sabuni nyingi kidogo kwa ajili ya harusi naye alihesabiwa mlanguzi.

Mwalimu akanitafuta. Chilumba alikuwa keshapotea na baiskeli.

"Issa, vitoe," akaniambia.

"Nikivitoa unaweka nini, Mwalimu?"

Mbao zake zilikuwa zimekuwa vitanda vya watu. Mashimo manne kwenye nyumba, masika yanaingia, na mashimo nayo yanauliza maswali. Mtu gani anang'oa madirisha yake wakati wa mvua?

Nikamwambia, "Acha vikae. Weka pazia. Nani atakuja kuulizia risiti ya dirisha?"

"Mnaojua vilikotoka ni nyie wawili tu. Wewe na Chilumba."

"Mie sina mdomo, Mwalimu."

Akaniangalia kwa karibu sana, kwa vile macho yake yalikuwa hivyo, akasema, "Haya."

Mama Neema akatundika khanga kwenye madirisha yote manne. Nyumba ikarudi kiza kama zamani. Mwalimu akawa anasahihishia madaftari yake uani, chini ya upenu. Mvua ikinyesha, hasahihishi.

Miezi ikapita. Tukaanza kuona kama yameisha.

Halafu likaja lile la wazururaji. Kila mtu mjini aonyeshe kazi yake, asiye na kazi apelekwe shamba. Mie nilikamatwa Tandika asubuhi, nakunywa chai ya rangi kwenye kibanda, kikombe bado mkononi. Tukapelekwa uwanja wa ofisi moja ya kata. Mbele kuna meza, karani na daftari. Kushoto lori limewasha injini.

Mbele yangu kulikuwa na jamaa aliyesema yeye mvuvi. Mgambo akamwambia aonyeshe samaki. Watu wakacheka, jamaa akapandishwa kwenye lori huku watu bado wanacheka.

Zamu yangu ikafika.

"Ndugu, kazi?"

"Fundi wa madirisha."

"Kitambulisho cha kazi?"

"Sina. Nafanya majumbani mwa watu."

"Basi huna kazi. Panda."

Wakuu, mimi nilishaishi kambi ya mkonge. Nilijua maana ya kupelekwa shamba ambalo si lako, chini ya mtu anayekuhesabu asubuhi na jioni. Nilitoroka huko nikitembea siku nne. Nikaliangalia lile lori.

Nikasema, "Nina shahidi."

"Nani?"

Nikamtaja. Mwalimu fulani, wa Mtoni, mwenye kadi ya chama, mtu anayeheshimika.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilitamka bila kuwaza. Si kweli. Niliwaza. Kati ya lile swali na jibu langu kulikuwa na nafasi ya kutosha. Niliviona vioo, nikaziona khanga, nikamwona Mwalimu akisema "haya". Halafu nikaliangalia lori tena.

Mgambo mmoja mwembamba alikuwa anasikiliza. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulimfungia madirisha ya nini?"

"Ya kawaida."

"Ya mbao?"

Nikachelewa kujibu. Kuchelewa kulitosha.

Tukaenda watu wanne kwa miguu: mie, mgambo wawili na ofisa mmoja mwenye kaunda suti. Tukamkuta Mwalimu uani, madaftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Mama Neema alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Mazoea.

"Marahaba, Issa."

Ofisa akamuuliza, "Huyu unamfahamu?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Angesema hanifahamu, narudishwa kwenye lori, na yeye labda anapata nafasi ya kubisha, ya kutafuta mtu anayemjua mtu. Angesema ananifahamu, amekiri kila kitu kwa mdomo wake. Na wote pale uani tulilijua hilo. Mama Neema aliacha kupepeta.

Mwalimu akarudisha kifuniko cha kalamu.

"Namfahamu. Ni fundi. Madirisha ya nyumba hii kafunga yeye."

"Ana kazi, kwa hiyo."

"Ana kazi."

Mgambo mmoja akaingia ndani akavuta khanga. Akarudi amebadilika uso. Ofisa akaomba risiti. Mwalimu akasema hana. Ofisa akamuuliza nani alimletea vioo, na akaniangalia mie.

"Nilinunua mwenyewe," Mwalimu akasema. "Huyu nilimwita kufunga tu."

Ofisa akaandika. Akaniambia, "Wewe uko huru, ndugu. Lakini kabla hujaondoka, vitoe. Ni kidhibiti."

Sikuwa na vifaa. Mama Neema akaniletea bisibisi ya cherehani yake na kisu cha jikoni. Nikavitoa kimoja kimoja, madirisha yote manne, nikavipanga kwenye mkeka. Kazi ya kufunga tulifanya siku mbili. Kutoa nilimaliza kabla ya adhuhuri.

Mwalimu alikaa kwenye kiti muda wote anamalizia madaftari. Ofisa alimruhusu. Alipomaliza, akayafunga kwa kamba, akamwambia mkewe yapelekwe shuleni kesho, watoto wasikose alama zao. Ndipo wakaondoka naye.

Mie nikaondoka mjini siku ileile. Kigoma, Tabora, Mwanza, nikazunguka huko.

Nilirudi Dar baada ya miaka mitano. Nilizunguka Temeke wiki nzima kabla sijathubutu kwenda Mtoni. Nyumba ilikuwepo. Madirisha matatu yamezibwa kwa matofali kabisa. La nne limezibwa kwa bati la madebe.

Mama Neema alikuwa barazani anauza mkaa. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akanipa kigoda.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Mwalimu alikaa ndani miezi kumi, kesi haikusomwa hata mara moja. Siku moja wakamwambia nenda. Alipotoka, macho yalikuwa yamekwisha. Shule ilishamwondoa. Neema, binti yao mkubwa, akaacha masomo akaolewa. Mwalimu akaishi mwaka na nusu zaidi, akazikwa kwao Upareni.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Mie ndiye niliyemtaja."

"Najua. Na yeye alijua, alipokuona tu pale uani."

Akamhudumia mteja, debe la mkaa, akarudi akakaa.

"Mwalimu aliniambia nikikuona nisikulaumu. Alisema ulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hafai kupimwa kwa siku hiyo moja." Akajipangusa masizi ya mikono kwenye kitenge. "Mimi nimekaa naye miaka ishirini na sita, sikuwahi kumbishia. Hili namkatalia. Nakulaumu, Issa. Sasa nenda."

Nikaenda.

Kijana wa Goba, bei za siku hizi wenzangu wameshakupa. Mie nakuongezea moja. Fundi akishamaliza, anaondoka anaijua nyumba yako: iko wapi dhaifu, vitu vyako vilitoka wapi, ulikwepa nini ili uvipate. Siku zile ilikuwa risiti. Leo inaweza kuwa kitu kingine. Usimwajiri mtu kwa sababu amekuchekesha. Dai karatasi zako kabla ya kuruhusu hata msumari mmoja ung'olewe, na yale ya zamani usiyaachie mpaka mapya yamekaa na kila mtu ameridhika. Halafu usimbebeshe fundi siri ambayo wewe mwenyewe ungeshindwa kuibeba mbele ya lori.

Na nyie mafundi mliomo humu, mnajijua.

Wenye matusi yasemeni, nafasi iko hapo chini, sitajibu kwa hasira. Ila ninaowasubiri hasa ni wazee wenzangu waliowahi kusimama kwenye meza kama ile, wakaulizwa shahidi wao nani. Mlimtaja nani?