Koti la Bwana wa boma lilivyonitoa jasho

Wakuu, salaam. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, kiduka changu kipo Ndama. Wazee wangu ni watu wa Pwani, walikuja huku Karagwe na biashara ya nguo.

Mwezi jana Bwana Mdachi wa boma kaniita. Kaletewa sanduku kutoka kwao: panga mbili nyembamba, hukatii hata mgomba, vinyago vya waya vya kufunika uso, na glovu. Koti la mchezo lilikuwemo, mchwa wamelila njiani. Akataka nimshonee jingine, nje turubai, ndani pamba.

Akanieleza. Zamani kwao walijifunzia vita, siku hizi wanashindana tu. Ncha ya upanga ina kidonge cha chuma ili isichome. Ukimgusa mwenzio kifuani, umepata alama.

"Koti lisifunguke upande wa mkono wa upanga," akasema. "Ncha itaingia."

"Unashika kwa mkono upi, Bwana?"

"Wa kulia."

Basi nikaweka vifungo ubavu wa kushoto. Nikajiona fundi kwelikweli.

Siku ya mchezo akaja Mdachi mwenzake, mgeni. Tukasimama kutazama. Bwana kavaa koti, kavaa kinyago, akachukua upanga kwa mkono wa kushoto.

Wakuu, kumbe ni mashoto. Safu nzima ya vifungo inamtazama mgeni.

Niseme? Kosa pale bomani ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na mie mgongo ninao mmoja. (Mnaocheka hamjasikia kile kiboko kikitua.) Nikanyamaza. Nikajipa moyo kwamba kidonge kipo.

Wakaanza. Kifungo kimoja kikaachia. Cha pili kikaachia. Panga zikagongana, kitu kikaruka, kikaangukia mguuni kwangu.

Nikakiokota. Kidonge. Upanga wa mgeni umebaki ncha tupu.

Sijui niliingiaje uwanjani. Nilijikuta katikati yao. "Basi, Bwana, basi. Koti nimelikosea mimi." Askari akanikaba shingo.

Bwana akavua kinyago. Nikamwonyesha kidonge. Akapitisha vidole kwenye mwanya wa koti mpaka vikagusa shati.

"Nilikwambia wa kulia."

"Bwana, wa kulia ni huu," nikainua wangu.

Akautazama mkono wake wa kushoto. "Lakini wangu wa kulia chakula ni huu," akasema. "Nyama, uji, kila kitu."

Akamwambia askari aniachie, na vifungo nivihamishe kesho yake. Hakucheka. Mimi nilicheka nilipofika nyumbani, kisha nikalia mbele ya mke wangu.

Siku hizi mteja simuulizi mkono. Namrushia donge la uzi, naangalia anadaka kwa upi.

Ila kinachoninyima raha siyo vile vifungo. Ni kwamba nilijua, nikanyamaza.

Haya, uzi nimewarushia na nyie, udakeni. Kile kidonge kisingeangukia mguuni kwako, ungenyamaza mpaka lini?