Picha Iliyoitwa Mwethya

Kazi yangu ya kwanza ya kutengeneza tovuti niliifanyia Kitui mjini, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya makanisa iliyosaidia vijiji kujenga mabwawa ya mchanga, kuta za mawe zinazozuia mchanga wa mto ili maji yabaki chini yake. Kompyuta ilikuwa moja, na laini ya simu ilikatika kila upepo ulipovuma. Lakini mimi nilijiona fundi hasa. Nilitunga mfumo ambao karani angeutumia bila kunisumbua: anaandika kichwa, anaandika habari, anachagua picha, anabonyeza, na ukurasa unajipanga wenyewe. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa finyu, kwa hiyo nikauamuru mfumo hivi: picha mpya ikija na jina la picha iliyopo, ile ya zamani ifutwe. Nikajipongeza kwa ujanja huo.

Picha ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya mama yangu. Kwetu, karibu na Kyuso, alikuwa katika mwethya, kile kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, leo kwako kesho kwangu. Walikuwa wakibeba mawe ya bwawa mtoni. Mpiga picha mmoja mpita njia alimkuta ana jiwe kichwani, anacheka, pengo lake la meno liko wazi. Picha hiyo mama aliitunza ndani ya Biblia. Niliiomba, nikaipitisha kwenye skana, nikaihifadhi kwa jina la "mwethya".

Kila nilipokwenda nyumbani alinikumbusha.

"Karatasi yangu utaleta lini?"

"Mwaitu, mama yangu, sasa iko mahali haiwezi kupotea. Hata mtu wa Ulaya anaiona."

"Mimi si mtu wa Ulaya. Niletee."

Sikumletea. Nilipohama chumba ilibaki huko, au ilitupwa, sijui. Wala sikuhangaika kuitafuta, kwa sababu ilikuwa mtandaoni.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, baada ya kuugua wiki mbili tu. Baba akanituma mjini nikachapishe programu ya mazishi.

"Weka ile anacheka," aliniambia.

Niliufungua ukurasa ofisini. Maneno yalikuwa yangu yale yale, lakini juu yake walisimama wanawake sita nisiowajua, wameshika majembe, wamekaza nyuso. Karani alinieleza bila wasiwasi kwamba kila kijiji kilipoleta picha ya mwethya, yeye aliiita mwethya. Angeiitaje tena? Yeye alifanya kazi yake, na mfumo ulitii amri yangu. Nilipekua kila disketi iliyokuwa mezani, kisha nikalia mbele yake, mtu mzima mimi, mkono bado uko kwenye kipanya. Nilijichukia siku ile, na sijamaliza kujichukia.

Mwishowe tulikuza picha ya kitambulisho. Mama amefumba mdomo kabisa, macho ya mtu anayengoja kugombezwa. Nilizipeleka programu nyumbani nikampa baba moja. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Huyu ni wa serikali," akasema. "Wetu tulikupa wewe."