Jumapili Waliyomuuliza Nyanya Kwao

Nyanya yangu, mama mzazi wa baba, aliishi nasi katika nyumba ya chumba kimoja mtaa wa Ziwani. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, na hakuruhusu mtu asahau hilo. Wageni aliwasalimu kwa lugha yake kwanza, kisha kwa Kiswahili ambamo "gari" ilikuwa "kari" na "dukani" ilikuwa "tukani". Watoto wa ploti, ua wetu wa vyumba vya kupanga, walimcheka, naye alicheka pamoja nao.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka wa uchaguzi, kicheko kilipungua. Habari za nyumba zilizochomwa mashambani zilifika kila siku, na watu waliozoea kuombana chumvi wakaanza kufunga milango mapema.

Jumapili moja mchana, baba na mama wakiwa bado kanisani, nilisikia viatu vingi vikija kwenye uchochoro wetu. Jirani yetu, mama mmoja wa Nyeri aliyeuza mkaa, aliingia kwetu bila kubisha.

"Mama, wanauliza watu makabila," alisema, akihema. "Nakuomba, usiongee. Mimi nitasema wewe ni mamangu, wa Nyeri. Sisi hawatugusi."

Nyanya aliinuka. Alinisukuma nyuma ya pazia lililogawa chumba, akatoka nje. Jirani akamfuata.

Kwenye pazia palikuwa na tundu, na mlango ulibaki wazi. Niliona vijana, mmoja ameshika nondo. Sura yake niliijua. Alikuwa akinunua sigara kwenye kioski cha hapo kona. Hilo ndilo lililonitisha kuliko nondo yenyewe.

"Mathe, kwenu ni wapi?" alimuuliza Nyanya.

"Huyu ni mamangu," jirani alisema haraka.

"Sijakuuliza wewe."

Nilibana mdomo kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu amzibe Nyanya kinywa.

"Kwetu ni Bungoma," alisema, kwa lafudhi yake yote. "Na wewe, mwanangu, mama yako anajua uko hapa?"

Kijana aliinua nondo. Nilifumba macho. Nilisikia kioo kikipasuka, jirani akipiga mayowe, kisha milango ikifunguka na wanawake wa ploti wakipiga mayowe pamoja naye, wengine wakigonga sufuria. Viatu vikaondoka mbio.

Nilipofumbua macho, Nyanya alikuwa amesimama palepale. Dirisha letu lilikuwa limevunjika, yeye hakuguswa. Jirani alimkokota hadi kitandani, akampa chai.

"Uliogopa?" nilimuuliza.

"Sana. Hata sasa naogopa."

"Basi kwa nini hukunyamaza?"

Aliweka kikombe chini. "Ulikuwa unasikia nyuma ya pazia. Ningeficha, ungekua ukidhani kwetu ni aibu."

Baba alipigilia mbao dirishani, na kwa wiki nyingi tulilala kitanda kikiwa kimeegemezwa mlangoni. Kila nyayo zilipopita nje, nilimshika Nyanya mkono. Hakuniambia nisiogope. Aliniambia tu, kwa Kibukusu, majina ya mito ya kwao, hadi nilipopatwa na usingizi.

Alifariki miaka michache baadaye kwa ugonjwa wa moyo, tukamzika Bungoma. Mama muuza mkaa alisafiri nasi, akalia kuliko sisi sote.