Mafuta Yaliyofurahiwa

Mama yangu anasifika Nakaloke nzima kwa kukanda wanawake waliojifungua. Huitwa, akaenda na maji yake ya moto na kitambaa kirefu, akalifunga tumbo mpaka likanywea. Kwa hiyo nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, maana uzito ulishanimaliza magoti, alipanda gari mpaka kwangu Jinja bila kuitwa. Kwake tumbo lenye shida ni la kukandwa, basi.

Alinikanda, akanifunga. Nilifurahi, nisidanganye, nani hapendi kudekezwa na mama yake? Kisha chini ya mshono pakaota uvimbe mgumu, na kidonda kikaanza kutoa maji ya njano yanayoteleza.

Mama akawaita majirani waone.

"Mafuta inatoka," aliwaambia. "Si ndiyo alienda kutolewa?"

Wakanipongeza. Mmoja aliuliza hospitali ni ipi, naye aende. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, mchana, kwenye jua kali la Jinja. Nikainuka, nikavaa.

"Mama, naenda hospitali."

"Unaona mimi sijui kazi?"

"Kazi yako unajua. Hii si yako."

Sijawahi kumjibu vile tena, na nikikumbuka bado najivunia. Nilitangulia, naye akanifuata amenuna.

Daktari aliufungua mshono. Alisema mafuta ya chini ya ngozi yamekufa na kuyeyuka, na tayari yameanza kuoza. Ningekaa nyumbani zaidi, ningepoteza maisha. Akauliza kidonda kimefanywa nini. Sikutaka mama aaibike mbele ya wauguzi wenye umri wa wajukuu zake.

Yeye akasogea mwenyewe mpaka kitandani.

"Ni mimi, daktari. Nilikanda na maji moto, nikafunga kwa nguvu sana. Andika yote."

Daktari akamshukuru, maana sasa alijua kwa nini damu haikufika pale. Mimi nililia, na si kwa maumivu. Sikujua kama nina mama wa namna hiyo.

Nilipona, nikabaki na kovu baya. Siku hizi akiitwa kwa mwanamke aliyejifungua kwa kisu, hamgusi, anamrudisha hospitali. Wengine humcheka kwamba uzee umemtia woga. Wakizidi kubisha, hunipigia simu, nami natoka Jinja mpaka Nakaloke, naingia nyumba ya watu nisiowajua na kupandisha blauzi yangu.